Taa Haziendeshi Harusi

Madijei wenzangu, acheni kununua taa. Mimi niliuziwa kontrola Kariakoo, pedi kumi na sita, inawaka kama mti wa Krismasi. Kwenye harusi moja Kivukoni umeme ukakatika. Jenereta likawashwa, spika zikarudi, kompyuta haikuwa imezimika hata kidogo, ina betri. Kontrola inayotegemea adapta ya ukutani ndiyo iliyokufa, na programu ikagoma kuitambua. Bibi harusi amesimama mlangoni, kimya.

Hapa mjini chukua inayokula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB, kama DDJ-FLX4 ya 2022. Tikisa tundu la waya palepale dukani. Likicheza, mrudishie mwenyewe. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika. Sekunde mbili za ukimya, umeshazomewa.