Mbolea tunailipia, udongo tunauacha uende Ruvu

TUAMBIZANE
Na Athumani Kobelo

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Magari yalionekana saa saba mchana, yakipanda mlima kwa msafara, na nyuma yake vumbi. Hilo vumbi ndilo lililonitibua, kabla hata risala haijasomwa. Barabara za milima ya Uluguru zikianza kutoa vumbi ujue masika yamekwisha, na mkulima mwenye akili timamu hapandi mche. Lakini sisi tulikuwa tumekusanywa, wanafunzi wametolewa madarasani, kwa ajili ya sherehe ya kupanda miti.

Nikamuuliza ofisa mmoja, kijana mwenye adabu zake, kwa nini shughuli haikufanyika Aprili wakati mvua zinanyesha. Akaniinamia sikioni: "Shikamoo mzee. Unajua tena, ratiba ya mgeni ilikuwa haijakaa sawa." Kumbe mvua nayo ilitakiwa iombe nafasi kwa katibu muhtasi.

Fulana za sherehe, ambazo nina ugomvi nazo, ziligawiwa. Safari hii zilikuwa za kijani, kofia nazo zilikuwepo, na shemeji yangu wa bodaboda alijipatia fulana mbili ambazo hazimtoshi yeye wala mwanawe. Anasema ataziuza. Angalau kuna mtu mmoja aliyeona motisha.

Risala ikasomwa, ngoma ikachezwa. Tukakumbushwa kwamba kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miche 1,500,000 kwa mwaka, na kwamba kijiji chetu hakitakubali kubaki nyuma. Kisha mgeni akaongozwa hadi kwenye shimo alilochimbiwa, akakabidhiwa mche, akauweka, akaushika mpaka wapiga picha waliporidhika, akamwagiwa maji ya kunawa. Maji hayo, nasema kwa kuwa nilikuwepo, yalikuwa mengi kuliko aliyopewa mche.

Nikasogea nitazame. Mche ulikuwa umefukiwa na kiriba chake. Ile nailoni nyeusi haikuchanwa hata kidogo, ukingo wake ulikuwa unachungulia juu ya udongo. Mtoto mmoja wa shule naye aliona, akanyoosha kidole, mwalimu akamshusha mkono haraka. Mtoto huyo anastahili kuwa bwana shamba. Kwenye ripoti, hata hivyo, mche ule umeshakuwa mti.

Pembeni alikuwepo mama mmoja amegawiwa mikaratusi mitano. Aliiegemeza kivulini na hakuonyesha dalili ya kuondoka nayo. Nikamwambia, "Dada, unaisahau." Akanicheka. "Kaka, lile shamba ni la upande wa baba. Nimepewa nilime mihogo tu. Nikipanda mti, wenye ukoo watasema nimeanza kujimilikisha."

Kwa wasiotoka huku: Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hufuata ukoo. Anayelima ardhi ya ukoo wa baba ni mgeni aliyekaribishwa, na mgeni hapandi mti wa kudumu. Kila bibi wa milimani anajua hilo. Walioleta malori ya miche hawakuuliza bibi hata mmoja. Nilimuuliza yule mama angetaka nini. Hakusita: "Wangenipa hela ya vibarua wanichimbie makingamaji. Tuta halimgombanishi mtu." Na mikaratusi, jamani! Mti unaofahamika kwa kufyonza maji, unagawiwa kwenye vyanzo vya maji.

Serikali zetu zina njia mbili tu za kuhifadhi mashamba ya watu, fimbo na sherehe. Fimbo tuliionja. Miaka ya mwanzo ya 1950 Mwingereza aliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi. Atakaye na asiyetaka alichimba. Kwenye udongo mwembamba matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba na kuuleta juu, mavuno yakawa haba, na mwaka 1955 milima ikachafuka hadi wakoloni wakaachana na mpango wao. Wazee wangu walikuwa wakilisimulia jambo hilo kwa furaha ambayo si ya kuandika gazetini.

Njia ya tatu ipo, na imewahi kupita hapahapa. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mradi huko Kibungo Juu ambamo wakulima walilipwa kwa kazi iliyoonekana shambani: matuta, fanya juu (udongo wa mfereji ukitupwa upande wa juu), miti iliyochanganywa na mazao. Kati ya waliotoa fedha ilikuwa DAWASCO, wauza maji wa Dar es Salaam wa wakati ule. Mlimani mkulima anazuia udongo, bondeni mji unapata maji yasiyo tope, na anayekunywa anamlipa anayezuia. Lakini ulikuwa mradi, haukuwa sheria, na miradi huisha. Marekani jambo la namna hiyo liliwekwa kwenye sheria ya kilimo ya mwaka 1985: serikali inamlipa mkulima kodi ya kila mwaka apumzishe ardhi inayomomonyoka, kwa mkataba wa miaka kumi hadi kumi na mitano. Hakuna fulana.

Msiniambie fedha hazipo. Tangu msimu wa 2022/23 serikali inalipia ruzuku ya mbolea. Mkulima anasajiliwa, anapata namba, anauziwa mfuko kwa bei pungufu. Nimeifurahia ruzuku hiyo na mbolea yake nimeinunua. Sasa nifuateni: mbolea hiyohiyo inamwagwa kwenye mteremko usio na tuta, mvua ya Machi inaishusha pamoja na udongo hadi kijitoni, kijito kinaingia mto Ruvu, na Ruvu unakwenda kuchafua mitambo ya maji inayohudumia Dar es Salaam, ambako mlipakodi yuleyule anachangia gharama ya kuyasafisha. Huku ni kuteka maji kwa tenga, tena tenga lililonunuliwa kwa zabuni.

Daftari la wakulima lipo. Namba zipo. Maofisa ugani wapo, wengine wana pikipiki. Kinachokosekana ni mstari mmoja: mwenye makingamaji kwenye mteremko apate punguzo kubwa zaidi, na asiye na uwezo wa kuyachimba alipiwe vibarua kwanza. Ofisa akague baada ya masika. Tuta likisimama, malipo yatoke, likibomoka, yasitoke. Hapo hamhitaji ngoma wala mgeni rasmi, na nadhani ndiyo sababu halijafanyika.

Waheshimiwa wabunge wa mkoa wetu, bajeti mnaijadili Dodoma kila mwaka. Mtakaposimama, msiombe miche. Ombeni fungu la matuta, lilipwe kwa mkulima, baada ya mvua, kwa tuta lililopimwa likiwa bado limesimama.