Maiti Hasemi Uongo

Mabaki ya Mwingereza Julie Ward yalipopatikana Masai Mara mnamo Septemba 1988, daktari wa serikali aliyeyapima aliandika kwamba mfupa ulikatwa kwa kitu chenye makali. Mkubwa wake akaibadili taarifa: kukatwa kukawa kuraruka, na lawama ikawaelekea wanyama wa mwituni. Uchunguzi wa mahakama wa 1989 uliamua kwamba aliuawa.

Maiti hasemi uongo. Asemaye ni mwenye kalamu. Serikali inaposhukiwa, kisha watumishi wake ndio wapimao maiti, huko ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Bunge lilipitisha sheria ya huduma huru ya kuchunguza vifo mwaka 2017. Tuidai itekelezwe kwa ukamilifu, ili haki isizikwe pamoja na marehemu.