Nani Kasema Paka Hampendi Mtu?

Imani yenyewe tumeizoea hata hatuihoji: mbwa humpenda mtu, paka hupenda nyumba. Paka, tunaambiwa, ni mlafi na mnafiki. Atakuzungukia miguuni ukiwa umeshika samaki, na samaki akiisha, mapenzi nayo yameisha. Haya yangekuwa maneno ya barazani tu kama yasingekuwa na madhara. Familia ikihama, vitanda vinapakiwa kwenye kirikuu, jiko linapakiwa, hata ndoo iliyotoboka inapakiwa, lakini paka aliyekuwa akilala na watoto miaka yote anaachwa juu ya ukuta, eti yeye ni wa nyumba, mpangaji mpya atamlisha. Akizaa sana, watoto wake wanatiwa kwenye kiroba na kwenda kumwagwa karibu na soko la samaki, kwa hoja ile ile: penye vichwa vya samaki paka hakosi kitu. Nasema imani hii ni ya uongo, na tunaing'ang'ania kwa sababu inatuondolea lawama.

Hebu mtazame paka wa nyumbani kwa siku moja. Mama akitoka uani kufua, naye huyo. Akirudi jikoni kuchambua mchicha, naye huyo, kichwa kakitumbukiza ndani ya kapu la sokoni ananusa vitunguu ambavyo hatavila kamwe. Mtu akiingia bafuni akafunga mlango, paka ataketi nje na kupenyeza mguu kwenye uwazi wa chini, akipapasa sakafu kama anayetafuta sarafu. Mtoto akifungua daftari la hesabu, atajilaza juu ya daftari hilo hilo, si kwenye mkeka wote uliobaki wazi. Bafuni hakuna dagaa, wala kwenye daftari. Mnyama anayeongozwa na tumbo peke yake angeketi kando ya sahani yake akasubiri.

Watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2017, Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliwapa paka nafasi ya kuchagua kati ya chakula, vitu vya kuchezea, harufu mbalimbali na kukaa na mtu. Nusu ya paka walichagua mtu kuliko vyote. Waliochagua chakula walikuwa wachache kuliko hao. Miaka miwili baadaye wakaja na jaribio jingine. Paka na mtu wake waliingizwa kwenye chumba kigeni kwa dakika mbili, mtu akatoka kwa dakika mbili, kisha akarudi. Takriban asilimia 64 ya watoto wa paka walimsalimu aliporudi, wakatulia, wakaendelea kupekua chumba bila hofu. Kiwango hicho kinakaribia sana cha watoto wachanga wa binadamu na wazazi wao. Kumbe kuganda kwa mtu na udadisi havipingani: paka anathubutu kuchungulia kila kona kwa sababu mtu anayemwamini yupo hapo.

Wapo watakaonikumbusha utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, wa mwaka 2015, ulioona kwamba paka wazima hawamtegemei mtu wao kwa usalama kama mbwa anavyofanya. Ni kweli, na matokeo hayo yana uzito. Lakini kutokumtegemea mtu ni jambo moja, kutokumpenda ni jambo jingine, na watafiti wale hawakusema hili la pili. Wengine watasema paka akiitwa haitiki. Atsuko Saito, wa Japani, alionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitambua sauti ya mtu wake kati ya sauti za wageni: hugeuza sikio, hugeuza kichwa, ila mara nyingi hainuki. Amesikia, amri ndiyo hana mazoea nayo, maana babu zake, tofauti na wa mbwa, hawakuwinda kwa kundi.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya paka aliyehamishwa akatoroka kurudi nyumba ya zamani. Hutokea, sikatai. Paka huweka harufu ya mashavu yake kwenye milango, kuta na miguu ya meza, na mahali pasipo na harufu hiyo anapaona pa hatari. Anayekimbia hivyo anakimbia hofu, hajachagua matofali akawakataa watu. Na yule anayemkimbia binadamu yeyote tumemtengeneza wenyewe: mtoto wa paka asiposhikwa kwa upole kati ya wiki ya pili na ya saba, huwa mgumu kumzoea mtu maisha yake yote. Sisi tunamrushia ndala katika wiki hizo hizo, kisha tunamwita mnafiki.

Kwa hiyo anayehama ahame na paka wake. Boksi lililotobolewa matundu linatosha kwa safari. Wakifika, paka afungiwe chumba kimoja pamoja na kanga au shuka isiyofuliwa ya nyumba aliyotoka, watu waingie kukaa naye kila siku, na asiachiwe kutoka nje mpaka wiki mbili au tatu zipite.