Kabla ya Kuhesabu, Jua Unahesabu Nini

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata nizungumzie jambo ambalo sisi wanaprogramu hulidharau sana: utafiti wa kimaelezo. Nasema juu ya ule utafiti wa kukaa na watu, kuwauliza maswali marefu, kuwatazama wakifanya shughuli zao, kisha kuandika ulichokiona na ulichokisikia.

Nilipokuwa nasomea shahada ya sayansi ya tarakilishi, tulifundishwa takwimu kwa muhula mzima. Jinsi ya kumhoji mtu hatukufundishwa hata saa moja. Ndiyo maana wengi wetu hutoka chuoni tukiamini kwamba kitu kisicho na nambari ni porojo. Ukimwambia mwenzako umezungumza na watu 12, atakuuliza, "Kumi na wawili tu?" kisha atarudi kwenye grafu zake.

Mimi nasema hivi: kabla hujahesabu kitu, lazima ujue ni kitu gani unachokihesabu, na hilo huwezi kulijua kwa kuhesabu.

Chukua mfano ambao kila mmoja wetu anaujua: kubipu, ama kufleshi kama wasemavyo wengi hapa Nairobi. Unapiga simu, inalia mara moja, unakata. Katika kumbukumbu za kampuni ya simu huo ni mstari mmoja tu: nambari iliyopiga, nambari iliyopigiwa, saa, na muda wa mazungumzo sekunde 0. Mpe mhandisi mgeni mistari milioni moja ya aina hiyo bila maelezo mengine. Atakuambia mtandao una hitilafu, ama watu wa nchi hii hawapendi kupokea simu. Atakuwa amehesabu sawasawa na ameelewa kombo.

Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, aliwahoji wenye biashara ndogo ndogo na wanafunzi wa chuo kikuu nchini Rwanda, na mwaka 2007 akachapisha makala juu ya kanuni za kubipu. Alizigawa bipu katika aina tatu. Ya kwanza ni ya kuomba upigiwe. Ya pili ni ya mapatano: tumekubaliana kwamba nikikubipu ujue nimefika stendi. Ya tatu ni ya salamu tu, kwamba nimekukumbuka. Tena zina adabu zake. Mwenye pesa ndiye anayetarajiwa kupiga, na kijana anayemchumbia msichana akithubutu kumbipu, amejiharibia mwenyewe.

Sasa tazama. Mambo matatu tofauti kabisa, na yote katika hifadhidata ni mstari ule ule wa sekunde 0. Hakuna algoritimu itakayoyatenganisha kama hakuna aliyekwenda kuuliza kwanza.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, M-Pesa. Wengi hudhani ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutumiana pesa. La hasha. Jaribio lililoanza Oktoba 2005, likifadhiliwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza, lilikuwa la kuwawezesha wateja wa Faulu kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wenyewe hawakufika 500, na walikuwa Thika na sehemu za Nairobi.

Nick Hughes na Susie Lonie, waliouendesha mradi huo kutoka Vodafone, waliandika mwaka 2007 waliyoyaona. Watu walikuwa wakilipiana mikopo. Wafanyabiashara walikuwa wakilipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, ili zisilale dukani. Wako waliokuwa wakisafiri kati ya maeneo ya jaribio, wakiweka pesa upande mmoja na kuzitoa saa chache baadaye upande wa pili, ili wasizibebe njiani. Na wengine walinunua muda wa maongezi kwa M-Pesa na kuwatumia jamaa zao mashambani badala ya pesa taslimu.

Hebu jiulize, kama wangetazama kipimo kimoja tu, yaani mikopo mingapi imelipwa kwa simu, wangejifunza nini? Pengine wangesema mradi umekwenda wastani. Upande wa Faulu hata kulikuwa na shida: hesabu za mfumo mpya hazikuoana vizuri na za kwao, na wakahofia kwamba anayelipa kwa simu hataona haja ya kuja kwenye mkutano wa kikundi. Lakini kwa sababu kulikuwa na watu uwanjani waliotazama na kusikiliza, waliona kwamba wateja wamekwisha kuonyesha huduma yenyewe inafaa nini. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mambo ya kulipa mikopo yaliwekwa kando, na kaulimbiu ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata mnayajua.

Hadithi haikuishia hapo. Olga Morawczynski wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikaa na watumiaji wa M-Pesa huko Kibera na Bukura, magharibi mwa Kenya, akayaandika matokeo yake mwaka 2009. Alikuta wanawake waliokuwa wakiweka akiba humo kwa siri, kwa sababu pesa zilizo kwenye simu mume hazioni kwa urahisi. Kwenye mitambo, hiyo ni akaunti yenye salio lisilosogea. Unaweza hata kuiita akaunti iliyolala. Kwa mwenyewe, huo ni usalama wake na watoto wake.

Niongeze na langu dogo. Wakati fulani mwenzangu na mimi tuliombwa kuongeza grafu za mauzo kwenye programu ya rununu iliyokuwa ikitumiwa na wenye maduka madogo. Data ilionyesha karibu mauzo yote yameingizwa kati ya saa tatu na saa nne usiku. Kabla ya kuandika mstari wowote, tuliomba ruhusa ya kukaa dukani siku moja. Mama mwenye duka aliandika kila kitu kwenye daftari la kurasa 96, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye wavu wa dirisha. Simu hakuigusa. Nilipomuuliza, alinijibu, "Kijana wangu, mteja akiona nabonyeza simu anafikiri simsikilizi. Ataenda kwa jirani." Usiku, akishafunga mlango, ndipo anahamisha jumla kutoka kwenye daftari.

Basi grafu ya "saa za mauzo" ingekuwa grafu ya saa za kufunga duka. Tukaiacha, tukatengeneza ukurasa mmoja wa kuingiza siku nzima kwa pamoja.

Jambo lingine lilijitokeza siku hiyo. Programu ilikuwa na swali: "Je, una mkopo?" Mama alikuwa amejibu hapana. Lakini tukiwa tumekaa pale alikuja kijana wa mkate, akaacha mkate wa kesho bila kulipwa, akaandika. Nikauliza, huo si mkopo? Mama akacheka. "Hilo ni deni. Mkopo ni wa benki."

Msomaji, fikiria hojaji inayoulizwa watu 2,000 kwa neno hilo la "mkopo". Sampuli imechaguliwa vizuri, hesabu ziko sawa, mpaka nukta ya desimali. Na jibu si la kweli, kwa sababu swali na mjibu hawakuwa wakizungumza juu ya kitu kimoja. Kuongeza watu wengine 2,000 hakusaidii. Kinachosaidia ni mtu mmoja kukaa dukani na kusikia tofauti ya deni na mkopo.

Najua pingamizi mtakazoleta. Ya kwanza: watu 12 hawawakilishi Kenya. Ni kweli kabisa, na mtafiti mzuri wa kimaelezo hadai hivyo. Hawezi kusema "asilimia 75 ya wenye maduka" baada ya kuzungumza na watu 12. Anachotafuta ni aina za mambo yaliyopo, si idadi ya kila aina. Ndiyo sababu huchagua watu wanaotofautiana: duka la mjini na la kijijini, mzee na kijana, anayependa programu na aliyeiacha. Anaendelea kuhoji mpaka anapoona mahojiano mapya hayaleti jambo jipya. Hapo anasimama.

Ya pili: kila mtu atasikia anachotaka kusikia. Hiyo ni hatari ya kweli. Kinga zake zipo, na zinafanana na nidhamu yetu ya kukagua programu. Unarekodi mazungumzo kwa idhini na kuyaandika neno kwa neno, usitegemee kumbukumbu. Unayapa maneno ya watu alama kwa mada, kisha mwenzako anafanya hivyo peke yake na mnalinganisha. Unamtafuta kwa makusudi mtu ambaye maelezo yake yanapinga nadharia yako. Na unalinganisha kinachosemwa na kinachofanywa. Mwenye kuyaacha hayo anapiga gumzo tu, na hapo nakubaliana nanyi kwamba hajafanya utafiti.

Wala sisemi takwimu zitupwe. Mradi wa shajara za kifedha wa FSD Kenya, uliofuatilia kaya 298 mwaka 2012 na 2013, uliunganisha yote mawili: watafiti walizitembelea kaya zile zile mara kwa mara, wakiandika kila shilingi iliyoingia na kutoka, huku wakisikia maisha yaliyo nyuma ya shilingi hizo. Ripoti yake iliitwa Shilingi kwa Shilingi, na kila mwanaprogramu wa mambo ya fedha angefaa kuisoma.

Kwa nini nasisitiza haya sasa? Kwa sababu siku hizi nambari zetu zinaamua maisha ya watu. Ziko programu za mikopo zinazokadiria uaminifu wa mtu kwa kusoma rekodi za simu yake. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 ziliwalazimu watoaji mikopo ya kidijitali kuomba leseni, na hilo ni jambo jema. Lakini leseni haiwezi kumfundisha mwanaprogramu maana ya data aliyonayo.

Fikiria mama anayepokea shilingi 20,000 asubuhi katika miamala 20, kisha anazitoa zote kabla ya jua kutua. Kila mwezi vivyo hivyo. Mashine inaweza kumwona mtu asiyeweza kuweka akiba. Kumbe ni mweka hazina wa chama, na siku hiyo ni zamu ya mwanachama kupewa. Jirani zake wanamwona mtu anayeaminiwa kuliko wote. Mashine ikimnyima mkopo wa karo, hataambiwa sababu, na aliyeandika mashine hiyo hatajua kamwe kwamba alikosea. Grafu zake zitaendelea kupendeza.

Wako pia wanaosema tusijisumbue, tuiulize akili bandia ijifanye wateja wetu. Akili bandia inaweza kukusaidia kupanga maandishi ya mahojiano. Ila yenyewe imejifunza yaliyokwisha kuandikwa, na daftari la yule mama halijawahi kuwekwa mtandaoni.

Kwa hivyo ombi langu kwenu wanaprogramu ni dogo. Kabla ya mradi ujao, tengeni siku tatu. Tafuteni watu sita wanaotofautiana, mwendeni walipo, mzungumze lugha yao. Msiwaulize "Je, ungependa programu ya namna hii?" kwa sababu sisi Wakenya tuna adabu, na mgeni hujibiwa ndiyo. Semeni, "Nieleze mara ya mwisho ulipomkopesha mteja. Ilikuwaje?" Kisha nyamazeni, muandike.

Mkishamaliza, rudini kwenye takwimu zenu. Mtashangaa ni safu ngapi za hifadhidata zinahitaji kubadilishwa majina.