Malindi Ilimpokea da Gama kwa Hesabu

Vitabu vya watalii havichoki kusimulia kwamba Aprili 1498 mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama kwa ukarimu tu wa watu wa Pwani. Simulizi tamu, ila inaisahau Mombasa.

Malindi na Mombasa ilikuwa miji hasimu. Mgeni mwenye mizinga, aliyetoka kuzozana na Mombasa siku chache tu nyuma, alikuwa mali. Akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Mreno naye alitaka biashara ya Bahari ya Hindi, si udugu. Ufaransa ilipoungana na waasi wa Marekani mwaka 1778, shabaha yake vilevile ilikuwa kumkomoa Mwingereza.

Hesabu ya Malindi ililipa. Wareno waliiteketeza Mombasa mwaka 1505, wakairudia 1528. Na ujenzi wa Ngome ya Yesu mjini humo ulipoanza 1593, ukoo wa Malindi ulikuwa umeshakalishwa kwenye kiti cha Mombasa. (Malindi yenyewe ikafifia, jambo ambalo vitabu hivyo hulipita kimya.)

Kisha maslahi yakagongana. Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo huohuo wa Malindi, alikosana na Wareno, akauawa. Mwanawe Yusuf, aliyelelewa Goa kama Mkristo, aliivamia ngome mwaka 1631 na kuwaua Wareno waliokuwamo.