Mtoto wa Ilula na Mambo ya Ulinzi

Kila muhula unapoanza, huwaomba wanafunzi wa semina yangu ya siasa za dunia na ulinzi wajitambulishe. Safari hii kijana mmoja alisimama, akataja jina lake, kisha akasema: "Natoka Ilula, wazazi wangu ni wakulima wa nyanya. Mambo ya ulinzi siyajui. Nimekuja kusikiliza tu." Wenzake wakacheka kidogo, naye akaketi.

Sikucheka. Unyenyekevu ni jambo jema, lakini utambulisho ule ulibeba dhana inayotudhuru: kwamba ulinzi ni wa wenye magwanda, na mambo ya dunia ni ya watu wa miji mikuu. Historia ya huko huko alikotoka inaikanusha.

Ukitoka Ilula kwa barabara kuu kuelekea Iringa mjini, unapita Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asitekwe. Mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yalipoandika Mkataba wa Versailles mwaka 1919, Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa Waingereza. Fuvu hilo lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Basi Uhehe ulikuwa ndani ya siasa za dunia kabla hata ya Tanganyika kupata uhuru.

Barabara yenyewe ni shahidi wa pili. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini iliingia mashakani. Mafuta yakapitishwa kwa malori katika barabara hii, wakati huo ikiwa ya vumbi na matope, hadi bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Baadaye, huko Mgagao, mkoani Iringa, wapigania uhuru wa Zimbabwe waliweka kambi. Wakulima wa nyanda hizi waliishi jirani na vita vya ukombozi bila kuvaa sare.

Leo je? Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya mbolea ilipanda, na mkulima wa nyanya akailipa. Nako Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wetu zaidi ya kumi waliuawa katika shambulio la Semuliki. Walikuwa watoto wa familia za Kitanzania. Nani basi atamwambia mzazi wa kijijini kwamba Kongo haimhusu?

Najua pingamizi litakalotolewa: mambo ya ulinzi ni siri. Kweli, mahali vilipo vikosi na mipango ya operesheni si vya kujadiliwa barazani, na mwenye busara hataviuliza. Lakini kwa nini tunapeleka askari, kwa lengo gani, kwa muda gani, na familia za waliokufa zinatunzwaje, hayo ni maswali ya raia. Ibara ya 28 ya Katiba yetu inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru na mamlaka ya nchi. Ibara ya 18 inampa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Haiwezekani kumtwika mtu wajibu wa kulinda, kisha tukamkataza kuuliza analinda nini. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wakumbuke kuwa neno "siri", likitumiwa kama jibu la kila swali, hukomesha imani kabla ya kulinda chochote.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ushauri mmoja. Unapojitambulisha katika mjadala wa ulinzi, usijivike cheo usichokuwa nacho, wala usijifute. Sema wewe ni nani, jambo hilo linakugusa wapi, na nini bado hukijui. Utambulisho wa namna hiyo una uzito kuliko wa anayekariri majina ya ndege za kivita asijue bei ya mbolea.

Wiki ijayo nitamwomba kijana yule ajitambulishe upya. Nyanya azitaje vilevile. Nitakachomwomba aache ni lile neno "tu".