FUNDI WA NYUMBANI: Kioo cha Kompyuta Kinapochezacheza

Ndugu msomaji, juma hili tunazungumzia barua ya mama mmoja mkazi wa Njisi, wilayani Kyela. Mama huyu hununua mpunga na kakao kwa wakulima, na hesabu zake zote zimo katika kompyuta ya mezani ambayo jioni hutumiwa na mwanawe wa kidato cha nne. Kwa muda wa miezi miwili kioo cha kompyuta hiyo kilikuwa kikichezacheza: picha hutoweka, hurudi, kisha hutetemeka tena. Kijana akalalamikia macho na kichwa. Fundi wa kwanza aliweka programu upya. Wa pili akashauri kinunuliwe kioo kipya. Mama akatuuliza: je, aiguse akiba ya ada ya shule?

Tulimjibu kwamba asinunue kitu kabla hajapima. Tulimsihi pia abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na aandike daftarini saa ambayo kioo kinacheza na vyombo vinavyotumika nyumbani saa hiyo.

Hatua ya kwanza ni waya wa picha. Zima kila kitu, uchomoe waya huo pande zote mbili, utazame kama pini zina kutu au zimepinda, kisha uukaze barabara. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako mvua ni nyingi, unyevu ni adui wa vyuma vidogo kama hivyo. Ukiweza, azima waya mwingine ujaribu.

Hatua ya pili ni programu. Kama kioo kinacheza hata kabla Windows haijafunguka, usiilaumu programu. Kama kinaanza baadaye, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili dirisha la Task Manager litokee. Likicheza pamoja na vingine vyote, aghalabu kasoro imo katika draiva, yaani programu inayoendesha kioo. Likitulia peke yake, shuku programu nyingine, hasa ile uliyoiingiza karibuni.

Hatua ya tatu ni kuhamisha kompyuta nzima, pamoja na kioo chake, hadi nyumba nyingine.

Hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyofichua siri. Kwa jirani kioo kilitulia siku tatu mfululizo. Kiliporudishwa nyumbani, kikaanza tena. Mama alipolisoma daftari lake aliona kwamba karibu kila mara ilikuwa jioni, wakati sare za shule zikipigwa pasi. Pasi na kompyuta zilikuwa zikitumia ekstensheni moja. Fundi umeme alipoifungua plagi yake alikuta waya umelegea, na plastiki imegeuka nyeusi kwa kuungua.

Sababu yake ni hii. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta zaidi ya ampea 4. Mkondo huo ukipita mahali palipolegea, hapo hupata moto na kutoa cheche, na umeme hukatika na kurudi kwa kufumba na kufumbua. Kioo hicho hakikuwa kibovu. Kilikuwa kikiionya familia kwamba nyumba ingeweza kuungua, nao walikuwa karibu kukitupa.

Plagi na ekstensheni mpya zilimaliza tatizo. Pasi sasa ina soketi yake ukutani, na akiba ya ada haikuguswa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ujue mpaka wa ufundi wako. Kazi ya nyaya za ukutani mwachie fundi umeme. Na kama bado una kioo cha zamani, kile chenye kisogo kikubwa, usikifungue kamwe: ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Leo jioni, pasi ikiwa imezimwa na kuchomolewa, iguse plagi yake kwa nje. Ikiwa ya moto, usingoje kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.